Usiku Mmoja Zaidi na Vyura

Maandiko ya kusoma: Kutoka 8:1–15, Mwanzo 27:41–45, Mwanzo 32 na 33, Matendo 24:24–27

Kwa wale ambao hawakuwa ibadani Jumapili, na kwa wale waliokuwepo lakini wangependa kusoma tena polepole wakiwa nyumbani, huu hapa ujumbe wenyewe. Fungua Biblia yako kwenye Kutoka 8, uisome pembeni ya karatasi hii.

Misri imejaa vyura. Vyura wako jikoni, wako kwenye vyombo vya kukandia unga, wako mpaka kitandani kwa mfalme. Farao anamwita Musa na Haruni, anawaambia wamwombe Mungu awaondoe. Musa anamjibu kwa heshima: haya, chagua wewe mwenyewe, tuombe lini? Mpendwa, ungekuwa wewe ungejibu nini? Si ungesema sasa hivi, hata kabla hujafika mlangoni? Farao anajibu neno moja tu: kesho.

Kesho! Mtu ana vyura kitandani, mwombaji amesimama mbele yake, na bado anachagua kulala na vyura usiku mmoja zaidi.

Biblia haituambii kwa nini alijibu hivyo. Lakini tazama hili: Farao hakukataa. Hakusema sitaki kuombewa. Alikubali, ila akasukuma mbele. Ndiyo maana kesho ni neno la hatari kuliko hapana. Mtu akisema hapana, unajua msimamo wake, mnaweza kuzungumza. Lakini kesho ni hapana iliyovaa kanzu ya ndiyo. Inakuacha ukijiona mtu mzuri, mtu mwenye nia, na huku vyura wanazidi kuruka juu ya shuka.

Mwambie jirani yako: hao vyura wako utalala nao mpaka lini?

Waliosomea biashara watanielewa nikisema kwamba jambo hili la vyura limefika mpaka kwenye vitabu vya usimamizi. Mwaka 2001 mwandishi Brian Tracy alitoa kitabu kiitwacho Eat That Frog!, na fundisho lake ni jepesi: ile kazi unayoiogopa kuliko zote ndiyo chura wako, basi mle asubuhi kabla ya kitu kingine, siku yako yote itakuwa nyepesi. Sasa sisi wa Pwani chura hatumli, hata akipikwa kwa nazi. Lakini fundisho ni la kweli. Ila kitabu cha biashara kinakuambia ufanye nini. Leo nataka tuone kwa nini tunaogopa, na ni nani anayekwenda pamoja nasi.

SIKU CHACHE ZILIZOKUWA MIAKA 20

Yakobo alimkosea kaka yake Esau. Esau akaapa kumuua. Mama yao Rebeka akamwambia Yakobo akimbilie kwa mjomba wake Labani, akakae huko siku chache tu mpaka hasira ya kaka yake itulie. Soma Mwanzo 27:44, ni siku chache. Halafu nenda Mwanzo 31:41, Yakobo mwenyewe anahesabu: amekaa huko miaka 20.

Siku chache zilikuwa miaka 20, wapendwa. Na Biblia haituonyeshi tena mahali popote Rebeka akimwona mwanawe. Huyo mama alisema ataagiza mtu aje kumchukua, na hatusomi kwamba mtu huyo aliwahi kuagizwa. Kuna vitu kuahirisha huchukua na havirudi.

Wala msidhani Yakobo alikuwa mvivu huko kwa Labani. Alichunga kwenye jua na baridi, akaoa, akazaa, akawa tajiri. Ndiyo tabia ya kuahirisha hiyo. Mtu anayeahirisha si lazima awe amelala. Mara nyingi ndiye mwenye shughuli nyingi kuliko wote kanisani. Anafanya kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Sasa angalia siku ya kurudi. Yakobo anasikia Esau anakuja na watu 400. Anafanya nini? Anatanguliza zawadi. Mbuzi jike 200, mabeberu 20, kondoo jike 200, kondoo dume 20, ngamia 30 wanaonyonyesha na watoto wao, ng'ombe 40, mafahali 10, punda jike 20, punda wadogo 10. Kundi baada ya kundi, na kila mchungaji anafundishwa kusema: mtumwa wako Yakobo yuko nyuma yetu. Mnaiona picha hiyo? Mbele kuna mbuzi, katikati kuna ngamia, na mwenye kesi yuko nyuma kabisa!

Wengi wetu tunaishi hivyo. Kuna simu moja ya kupiga, nasi tunatanguliza mbuzi. Tunafagia uwanja, tunajibu ujumbe wa WhatsApp, tunaenda Malindi mjini kununua kitu ambacho hakihitajiki leo. Jioni tumechoka kweli kweli, na ile simu haijapigwa.

Lakini usiku ule, kwenye kivuko cha Yaboki, Yakobo alibaki peke yake, na Mungu akashindana naye mpaka alfajiri. Kulipokucha alikuwa anachechemea. Na hapa ndipo pana mahubiri yote ya leo. Soma Mwanzo 33:3. Anawapanga wake zake na watoto, halafu yeye mwenyewe anapita mbele yao wote. Jana alikuwa nyuma ya mbuzi. Leo, na nyonga imeteguka, yuko mbele.

Na Esau? Esau akakimbia kumlaki, akamkumbatia, wakalia. Jambo lililotisha kwa miaka 20 likaisha kwa dakika chache.

KESHO INA RIBA

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi naongeza: pia humaliza pesa. Kazi iliyoahirishwa haikai pale pale kama jiwe. Inakua kama deni.

Chukua jambo dogo. Kila mwenye PIN ya KRA anatakiwa kujaza ritani kabla ya tarehe 30 Juni. Mwenye PIN asiye na kipato chochote anaweza kumaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Lakini ukichelewa, faini ya mtu binafsi haipungui shilingi 2,000. Shilingi 2,000 kwa kazi ya dakika chache! Hiyo ni karo ya mtoto, ni unga wa wiki. Hukuiba, hukugombana na mtu, ulisema kesho tu.

Ndugu zetu wavuvi wa Ngomeni, Mayungu na Takaungu wanalijua hili kuliko sisi wa ofisini. Chombo cha mbao kinatakiwa kupandishwa, kikwanguliwe chini, kikalafatiwe, kipakwe deheni. Ni kazi chafu, deheni inanuka, mgongo unauma. Inataka bamvua, maji yajae sana na yatoke sana. Bamvua haikungoji wewe. Ukiikosa hii ya mwezi mpevu, utangoja kama wiki mbili mpaka ya mwezi mwandamo. Na bahari katika hizo wiki mbili haijaacha kula mbao. Nahodha anayesema bamvua ijayo, bamvua ijayo, mwisho anatoa maji kwa kata katikati ya bahari.

SHAMBA LA BABU

Sasa niguse pale panapouma. Msikasirike, nawapenda.

Nikiuliza ni kazi gani inayoogopwa kuliko zote katika familia za Kilifi yetu hii, kuanzia Magarini mpaka Rabai, kuanzia Malindi mpaka Ganze, jibu langu ni kikao cha shamba. Kuna familia nyingi ambazo ardhi bado iko kwa jina la babu aliyekufa zamani. Kila mtu anajua. Kila mwaka tunaposhuka nyumbani Desemba tunasema mwaka huu tutakaa. Tunachinja mbuzi, tunakula wali, tunapiga picha, tunaondoka. Hatujakaa.

Tuseme babu alifariki mwaka 1989, akaacha ekari 12 na watoto 14. Mwaka ule walihitajika watu 14 wakubaliane. Leo watano kati yao wamekufa, na kila mmoja ameacha watoto sita. Hesabu: waliobaki hai ni tisa, wajukuu wa kuwasemea wale watano ni 30. Sasa unatafuta watu 39. Mmoja yuko Nairobi, mwingine yuko Saudia, mwingine hajulikani alipo. Na wale wazee waliojua mpaka unapita kwenye mkorosho gani wamezikwa nao. Hiyo ndiyo riba ya kesho.

Na hatua zenyewe si siri. Unatafuta cheti cha kifo. Unakwenda kwa chifu akuandikie barua yenye majina ya warithi wote. Nasema wote, pamoja na mashangazi na dada walioolewa, kwa sababu Sheria ya Urithi, sura ya 160, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike. Mnapeleka mahakamani. Linatolewa tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali, mnangoja siku 30 kama kuna mwenye pingamizi. Mkishapewa hati ya kusimamia mirathi, kwa kawaida mnangoja miezi sita ndipo ithibitishwe na ardhi igawanywe. Ni njia ndefu kidogo, lakini ina mwisho. Kesho haina mwisho.

Kwa nini nasema haya madhabahuni? Kwa sababu hapa kwetu jambo hili limemwaga damu. Sote tunajua, wazee wenye mvi wameuawa katika kaunti hii kwa kusingiziwa uchawi, na viongozi wa serikali na wa dini wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma nyingi kama hizo kuna ugomvi wa ardhi. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee walionusurika, watu waliozaa na kulea, wanaoogopa kulala nyumbani kwao. Sisemi kila ugomvi unafika huko. Nasema kikao kisichofanyika huacha nafasi, na shetani hapendi nafasi ikae tupu. Anaijaza minong'ono. Mtoto akiugua, inasemwa ni baba mkubwa. Biashara ikianguka, inasemwa ni shangazi. Kikao cha saa tatu, chenye maneno makali na machozi, kingeweza kumwacha mzee wa watu akafa kifo chake mwenyewe kitandani kwake.

Kwa hiyo kijana unayenisoma, unapoahirisha kikao hicho kwa sababu unaogopa maneno ya baba mdogo, fahamu kwamba kuna mtu mwenye mvi anayelipa kwa ajili ya amani yako.

HATA MAOMBI YANAWEZA KUWA MAFICHO

Hapa nitaongea na sisi waombaji. Tunaamini maombi. Tunakesha, tunafunga, na Mungu anajibu. Ameni? Lakini tazama Kutoka 14:15. Israeli wako mbele ya bahari, majeshi yako nyuma, na Mungu anamuuliza Musa kwa nini anamlilia yeye. Anamwagiza awaambie watu waende mbele. Kulikuwa na wakati wa kulia, na sasa ulikuwa wakati wa mguu kukanyaga.

Mama mmoja anaweza kuomba miaka mitatu kuhusu uvimbe ulioko kifuani mwake, na kwa miaka hiyo mitatu asiende hospitali, kwa sababu anaogopa kuambiwa jina la ugonjwa. Dada yangu, hiyo si imani. Imani ni kusema Bwana yuko pamoja nami hata nikiambiwa jina hilo. Nenda kapimwe wiki hii. Tutaomba pamoja kabla hujaingia, na tutaomba pamoja ukitoka.

Nehemia alituonyesha kipimo kizuri. Mfalme alipomuuliza kwa nini uso wake una huzuni, aliogopa sana, Biblia inasema hivyo. Alipoulizwa anataka nini, akamwomba Mungu pale pale, kisha akafungua kinywa akamjibu mfalme. Maombi, halafu neno. Hakusema ngoja niende nikafunge kwanza siku 21. Alikuwa ameshafunga na kuomba kabla, sasa ilikuwa saa ya kusema.

CHURA WA KWANZA, ASUBUHI

Basi tufanyeje? Nitatoa mambo manne, ya kufanya wiki hii.

La kwanza, mpe jina. Chukua karatasi, andika lile jambo moja linalokufanya ugeuze macho. Si mambo kumi. Moja. Utalijua kwa sababu ukilifikiria tumbo linakaza. Deni la chama ambalo humwambii mumeo. Bosi unayetakiwa kumweleza ukweli. Mtoto wako wa nje ambaye hujawahi kumwona. Hofu isiyo na jina hujaa nyumba nzima. Ikishapewa jina, inatosha kwenye karatasi.

La pili, likate mpaka liwe hatua moja. Huwezi kumaliza mirathi Jumatatu. Unaweza kumpigia baba mdogo Jumatatu, ukamsalimu, ukauliza hali, ukasema: baba, naomba tukae, wewe ndiwe mkubwa wetu, chagua siku. Umemaliza kwa siku hiyo. Yakobo hakuambiwa afike nyumbani kwa Esau siku hiyo. Alivuka kijito tu.

La tatu, lifanye asubuhi, kabla ya mbuzi. Bwana Yesu aliamka alfajiri na mapema akaenda kuomba, Marko 1:35, kabla watu hawajaanza kumtafuta. Amka, omba, kisha fanya lile jambo kabla hujashika simu kuangalia habari za watu. Hofu ni kama jua la Malindi. Saa moja asubuhi unaweza kutembea nalo. Ukingoja saa saba mchana, litakupiga.

La nne, usiende peke yako kama kuna hatari. Yakobo aliomba, lakini pia aligawanya watu wake makundi mawili. Hekima si ukosefu wa imani. Kama huyo unayemwendea ni mtu wa kushika panga, nenda na wazee wa mtaa, nenda kwa chifu, njoo kwetu wachungaji tuongozane. Na tofautisha hofu na onyo. Kama Roho anakuzuia kuchukua mkopo ambao hutaweza kulipa, huko si kuahirisha, huko ni kusikia.

JE, ESAU ASIPOKUMBATIA?

Najua kuna anayesema moyoni, mchungaji, Esau wangu si wa kukumbatia. Nitakwenda, nitatukanwa. Nitapimwa, na majibu yatakuwa mabaya. Nitamwambia mume wangu habari ya deni, na nyumba itawaka.

Sitakudanganya. Inawezekana. Neno la Mungu halituahidi kwamba kila Esau atakuja mbio na machozi. Lakini angalia vizuri, Yakobo alibarikiwa lini? Hakubarikiwa baada ya Esau kumkumbatia. Alibarikiwa usiku ule, kabla, na jina jipya akapewa kabla, akiwa bado hajui atapokelewaje. Ukienda, unakwenda ukiwa umeshabarikiwa. Akikukumbatia, utukufu kwa Mungu. Asipokukumbatia, basi angalau umetoka gizani, unajua ulipo, na unaweza kuanza kutengeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta nao mtu huanza kuujenga siku ya kwanza akiacha kujifanya haoni ufa.

NA KWA AMBAYE BADO HAJAOKOKA

Namalizia na mtu mmoja. Feliki, liwali wa Kirumi, alimwita Paulo amsikilize habari za imani. Paulo akasema juu ya haki, kiasi, na hukumu itakayokuja. Feliki akaogopa. Kumbe Neno lilimfikia! Lakini akamwambia Paulo aende zake, atamwita akipata nafasi. Na alimwita kweli, mara nyingi, wakaongea. Miaka miwili ikapita, Feliki akaondoka kazini, na Paulo akabaki kifungoni. Hatusomi kwamba nafasi ile ilipatikana.

Umekaa kanisani muda mrefu, unaimba, unatoa sadaka, na kila ukisikia wito unasema Jumapili ijayo. Rafiki yangu, huyo ndiye chura wako mkubwa kuliko wote. Mlango uko wazi. Usimjibu Mungu kwa neno la Farao.

Kwa seli za nyumbani wiki hii: kila mmoja aandike jambo lake moja kwenye karatasi, asilisome kwa sauti kama hataki. Aseme tu siku na saa atakayochukua hatua ya kwanza. Jumatano ijayo, kiongozi wa seli asiulize jambo lilikuwa nini. Aulize tu: umevuka kijito?

Tuombe. Baba, unalijua jambo ambalo kila mmoja wetu amelificha nyuma ya mbuzi wake. Tunakiri tumesema kesho mara nyingi. Shindana nasi usiku huu mpaka tuchoke kukimbia. Kukipambazuka, tupitishe mbele, hata kama tunachechemea. Walinde wazee wetu wenye mvi. Patanisha nyumba zetu. Na ambaye amengoja wokovu, asilale tena na vyura usiku mmoja zaidi. Katika jina la Yesu Kristo, ameni.